Neno "Bepari" Katika Kitabu cha Mwalimu Nyerere

Hapa Igawa, penye barabara kuu iendayo Zambia, Msangu, Mbena na Mnyakyusa hukutana kila siku. Mbena husalimu "Kamwene". Mnyakyusa husema "Ugonile", salamu ambayo kwa asili yauliza habari za kulala. Mtu akiigeuza hiyo kwa Kiswahili neno kwa neno, mgeni wa pwani atashangaa kuulizwa saa nane mchana kama amelala. Maneno yamefika, lakini adabu yake imebaki njiani.

Twasema hayo kwa ajili ya Mabepari wa Venisi, kitabu alichokitoa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1969, akiufasiri mchezo wa Shakespeare. Kazi hiyo twaisifu. Lakini jina lake latutia mashaka. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, ndiye Antonio. Mwalimu amewataja wengi. Tena neno "bepari" lilitoka Bara Hindi, na huko maana yake ni mwenye biashara tu. Kwetu, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, likakazwa kuwa neno la lawama: mtu anyonyaye jasho la wenziwe.

Wako watakaosema kwamba mfasiri ana haki ya kusema na watu wake kwa jambo linalowagusa. Ni kweli. Lakini itazameni hasara yake. Antonio hukopesha bila riba; Shylock hukopesha kwa riba, na hiyo ni sababu moja kubwa ya uadui wao. Antonio ndiye aliyekubali kuweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake ili rafiki yake Bassanio apate fedha. Jina la kitabu likiwatia wawili hawa katika kapu moja, msomaji amekwisha kata hukumu kabla ya kusikia mashahidi. Kwa maoni yetu, "mfanyabiashara" lingetosha.

Wala hili si jambo dogo. Mtoto wa mkulima wa mpunga huku Usangu akifundishwa kwamba kila anunuaye na kuuza ni bepari, atamwitaje mama yake auzaye mchele kando ya barabara?

Basi, walimu wenzetu, kisomeni kitabu hiki pamoja na wanafunzi, maana ni hazina. Bali kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, waulizeni: neno hili lilizaliwa wapi, na limelelewa na nani?