Hofu Kwanza, Utii Baadaye

Septemba 2007, katika vituo kadhaa vya kuhifadhia wanyama jimboni Virginia, Marekani, wataalamu wa tabia za wanyama wakiongozwa na Stephen Zawistowski wa shirika la ASPCA waliwapima mbwa 49, mmoja baada ya mwingine. Mbwa hao walikuwa ushahidi katika kesi ya Michael Vick, nyota wa kandanda ya Kimarekani wa timu ya Atlanta Falcons, aliyeendesha na wenzake biashara ya kupiganisha mbwa katika kaunti ya Surry. Walikuwa wamefungiwa tangu Aprili. Kwa desturi ya wakati huo, kesi ikiisha mbwa wa aina hiyo waliuawa wote, na mashirika mawili makubwa ya kutetea wanyama, HSUS na PETA, yalishauri hadharani kwamba hawa nao wauawe. Safari hii walipimwa kwanza. Mmoja tu ndiye aliyeonekana mkali kiasi cha kutosaidika, na mwingine akauawa kwa sababu ya maradhi. Wakabaki 47.

Vipimo vyenyewe havikuwa na ajabu yoyote. Mbwa aliwekewa chakula, kisha mkono wa bandia ukalisogeza bakuli wakati anakula. Akaonyeshwa mwanasesere mwenye kimo cha mtoto. Akakutanishwa na mbwa mwingine. Mtu asiyemjua akamkaribia na kujaribu kumgusa. Kilichoonekana kwa wengi wao hakikuwa meno. Ulikuwa mwili uliojibana sakafuni, mkia umefyatwa, macho yanakwepa. Baadhi yao hawakuweza kutembea kwa kamba, ikabidi wabebwe.

Kwangu mimi, uamuzi mkubwa wa kitaalamu katika kisa hiki ulifanyika hapo: tatizo likaitwa hofu, halikuitwa ukali. Dawa za mambo hayo mawili hazifanani. Mbwa aliyeogopa ukimkemea, umemthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Ukimfundisha kukaa na kulala chini kwa amri huku moyo unamdunda, utapata mbwa anayetii akiwa katika hofu ile ile, na siku hofu itakapozidi amri, atauma. Ndiyo maana waliowapokea mbwa wa Vick hawakuanza na utii.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo kinachojulikana. John Paul Scott na John Fuller, waliotafiti mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, jimboni Maine, walionyesha katika kitabu chao cha 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12, ambamo hujifunza ni viumbe gani wa kuwaamini. Anayekipita kipindi hicho bila kushikwa na binadamu hukua akimwona binadamu kama kitu cha hatari. Mbwa wengi wa Vick walikuwa wamefungwa minyororo msituni nyuma ya nyumba. Kwa wengi wao jeraha la msingi lilikuwa upungufu: mambo ambayo kila mbwa wa nyumbani anayajua, kama ngazi, mlango, redio na mkono unaopapasa, kwao yalikuwa mapya na ya kutisha.

Mbwa 22 walipelekwa Best Friends, hifadhi kubwa ya wanyama iliyo Kanab, jimboni Utah, mwanzoni mwa Januari 2008. Waliobaki waligawanywa kwa vikundi vingine saba, kikiwemo BAD RAP cha California, ambacho kwa kawaida huwaweka mbwa katika nyumba za walezi wa kujitolea. Kazi ya kwanza kwa wote ilikuwa ile aliyoieleza mtafiti Ivan Pavlov: kitu kisicho na maana kikitangulia mara kwa mara kitu chenye maana, mwili huanza kukijibu cha kwanza kana kwamba ni cha pili. Kwa mbwa wa Pavlov, kengele iliyotangulia chakula ikaleta mate. Kwa mbwa aliyeumia, binadamu ameleta hofu. Mfunzaji anataka kuigeuza hesabu hiyo, binadamu awe dalili ya kipande cha nyama.

Maelezo hayo ni mepesi, na wengi huyajua. Ugumu uko katika utaratibu, na hapo ndipo wafugaji wengi hushindwa. La kwanza ni mpangilio wa matukio. Kitu kinachotisha lazima kitangulie, chakula kifuate. Mgeni atokee, ndipo nyama ianguke. Ukianza kwa kutoa nyama kisha mgeni akaingia, mbwa atajifunza kwamba nyama ni ishara ya balaa, na utashangaa kumwona anakikimbia chakula alichokipenda jana. La pili ni umbali. Kila mbwa mwenye hofu ana mpaka wake: mgeni akiwa mita 20 anaweza kumtazama na bado akala, akiwa mita 8 anakataa hata nyama. Kukataa huko ni kipimo cha kuaminika zaidi kuliko macho ya mfunzaji. Mbwa asiyekula amevuka mpaka, na hakuna somo jema linaloingia hapo. Unarudi nyuma, unaanza pale alipoweza kula, unasogea kidogo kidogo. La tatu ni kwamba umbali auamue mbwa. Mfunzaji anakaa chini, upande, bila kumkazia macho, na mbwa ndiye anayesogea.

Utaratibu huu unafaa kabisa kwa nyumba zetu. Familia nyingi za pwani haziruhusu mbwa kuingia ndani wala hazipendi kumgusa, na wengine hudhani kwamba kwa sababu hiyo mafunzo ya namna hii hayawahusu. Yanawahusu sana, kwa kuwa hatua zote hizi hufanywa bila mkono kumfikia mnyama: unarusha dagaa au kipande cha utumbo, unaondoka. Mbwa wa ulinzi aliyefungwa mnyororo mchana kutwa ana shida kubwa zaidi kuliko mbwa wa mtaani, kwa sababu mnyororo umemnyang'anya uwezo wa kuchagua umbali. Hawezi kurudi nyuma, basi anabweka na kuruka mbele, na mwenye nyumba anafurahi kwamba ana mbwa mkali. Anachokifuga ni mbwa mwoga asiye na pa kukimbilia, na siku mnyororo utakapokatika, mtoto wa jirani ndiye atakayelipa. Mbwa huyo akiwa na uzio wa kutembelea na kona ya kujificha, nusu ya kazi imefanyika kabla ya dagaa wa kwanza kurushwa. (Chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie yote hayo.)

Watu wa Kanab waliongeza jambo ambalo nalihusudu: waliandika. Kila mbwa alikuwa na karatasi yake ambapo hali yake ilipewa alama siku hadi siku, hofu yake, kujiamini kwake, namna anavyoonekana kufurahia maisha. Daktari wa mifugo Frank McMillan, ambaye afya ya hisia za wanyama ni fani yake, alikuwa nyuma ya kazi hiyo. Bila maandishi, mlezi hukumbuka siku nzuri na kusahau wiki iliyodorora, au kinyume chake. Vilevile waliwatumia mbwa wengine. Mbwa mwoga aliyekaa pamoja na mbwa mtulivu alimwona mwenzake akimwendea binadamu na kurudi salama, na baadhi ya hao 22 walipiga hatua zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa juhudi za mtu yeyote.

Sasa, hofu iliyofunikwa haifutiki, na hili Pavlov mwenyewe aliliona kwa uchungu. Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad na maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wa maabara yake. Waliogeleshwa hadi salama vichwa vikiwa juu ya maji kwa shida. Baada ya hapo baadhi yao walipoteza mazoea yote waliyojengewa kwa miezi. Mmoja wao aliyarudisha mtafiti alipoacha kukaa nje ya chumba kama ilivyokuwa desturi ya maabara, akakaa ndani pamoja naye. Na muda mrefu baada ya kupona, maji kidogo yaliyopenyezwa chini ya mlango yalitosha kumvuruga tena. Nadharia nzima ya kuwarekebisha mbwa walioumia imo katika tukio hilo: uwepo wa mtu anayeaminika ni sehemu ya tiba, na kumbukumbu ya zamani hubaki chini ikingoja ishara yake.

Ndiyo sababu nayatetea masharti ambayo wengi waliyaona kuwa ni urasimu. Mahakama ilimteua Rebecca Huss, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Valparaiso, kusimamia maslahi ya mbwa hao na kuamua nani aende wapi. Waliokuwa Kanab, kabla ya kuchukuliwa na familia, walitakiwa kufaulu mtihani uitwao Canine Good Citizen, na familia kuchunguzwa, kisha kukaa na mbwa kwa miezi sita ya majaribio kabla ya kukabidhiwa moja kwa moja. Mbwa hujifunza mahali pamoja na mambo. Aliyetulia Utah anaweza kuanza upya akifika nyumba mpya yenye zulia jipya, harufu mpya na feni inayozunguka darini. Majaribio hayo ya miezi sita yaliacha nafasi ya anguko hilo kutokea na kushughulikiwa kabla ya mtu kukata tamaa.

Mtihani wenyewe una vipengele 10: kumpokea mgeni mpole, kukubali kushikwa na kuchanwa manyoya, kutembea kamba ikiwa imelegea, kupita katikati ya watu, kukaa, kulala na kubaki pale, kuja anapoitwa, kumpita mbwa mwingine kwa utulivu, kustahimili vishindo, na kuachwa na mtu mwingine kwa dakika 3 mwenyewe akiwa haonekani. Chakula hakiruhusiwi wakati wa mtihani. Sharti hilo ndilo linaloudai ufundi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, yaani tendo na matokeo yake. Mwanzoni kila tendo sahihi hulipwa papo hapo, na kuchelewa sekunde chache tu kunatosha kulipa tendo jingine. Ndiyo maana wanafunzi wa Skinner, Keller na Marian Breland, walitumia kidude chenye mlio mfupi: mlio unasema "hilo hapo", chakula kinafuata. Tendo likishaimarika, malipo hupunguzwa na kufanywa yasiyotabirika, mara baada ya matendo mawili, mara baada ya saba. Mbwa asiyejua lipi litalipwa huendelea kutenda hata siku ambayo mfuko hauna kitu. Anayelipwa kila mara hadi siku ya mwisho, kisha akaingia mtihanini bila chakula, huacha kutenda baada ya muda mfupi.

Mlio huo huo unasikika kila siku Morogoro. Shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kabla ya mlio wa kwanza na ndizi ya kwanza, panya wachanga huzoeshwa mikono ya watu, sauti na harufu za dunia watakayoishi. Wafunzaji wa APOPO wanafanya mapema kile ambacho watu wa Kanab walilazimika kukifanya kwa kuchelewa, na tofauti ya gharama ni kubwa mno.

Gharama hiyo isifichwe. Vick, aliyehukumiwa kifungo cha miezi 23, aliamriwa pia kutoa dola 928,073 za matunzo ya mbwa. Hakuna kituo cha kawaida chenye fedha za namna hiyo. Matokeo nayo hayakuwa sawa kwa wote. Jonny Justice, aliyelelewa kupitia BAD RAP, alifikia kukaa kimya karibu na watoto wanaojifunza kusoma. Mwingine, aitwaye Leo, alitembelea wagonjwa wa saratani. Handsome Dan alipata familia. Lakini wengine walibaki Kanab miaka mingi wakipunguza hofu bila kuimaliza, na wawili, Lucas na Meryl, mahakama iliagiza wasiondoke kabisa: Lucas kwa sababu alikuwa bingwa ambaye wapiganishaji wangemtafuta, Meryl kwa tabia yake kwa wageni. Anayesema upendo uliwaponya wote hajazitazama rekodi. Wafunzaji walifanya kazi ndani ya kile ambacho kila mbwa aliweza, wakakubali kwamba kwa baadhi yao nyumba bora ni ile wanayoijua tayari.

Jambo lililobadilika zaidi halikuwa mbwa. Februari 2009, katika kaunti ya Wilkes, North Carolina, zaidi ya mbwa 120 waliokamatwa katika kesi nyingine ya kupiganisha waliuawa wote bila kupimwa, hata watoto waliozaliwa kituoni baada ya kukamatwa. Hasira ilikuwa kubwa, kwa kuwa sasa watu walikuwa na mfano wa kulinganisha. Aprili mwaka huo HSUS iliitisha mkutano Las Vegas pamoja na Best Friends, BAD RAP na wengine, kisha ikabadili msimamo wake: mbwa waliotoka kwenye mapigano wapimwe mmoja mmoja, kama wanavyopimwa mbwa wengine wote, kabla ya uamuzi wowote juu ya uhai wao.