Nani Amsikilize Paulina? Ujauzito, Kipigo na Kimya katika Coming to Birth

Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), aghalabu imehakikiwa kama istiara ya kuzaliwa kwa taifa la Kenya. Paulina anaingia Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, akiwa mja mzito wa miaka 16. Riwaya inakoma mwaka 1978, akiwa na mimba tena. Usomaji huo una mashiko, lakini una gharama yake: kipigo anachopata Paulina hugeuzwa kuwa uchungu wa uzazi wa taifa, na aliyepigwa akasahauliwa. Makala haya yanadhamiria kukirejesha kipigo hicho katika mwili wa mwanamke na katika mitaa ya Eastlands.

Mpangilio wa matukio ni muhimu. Mimba ya kwanza inaharibika, naye anatibiwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani. Atokapo huko anapotea njia na kulala nje ya kwake. Arudipo, Martin, mumewe, anampiga. Yamkini mtu atapinga kuwa wakati huo Paulina hakuwa mja mzito tena. Hoja yetu iko papo hapo: hospitali inamhudumia kabla ya kipigo, kwa hiyo kipigo hakiingii katika daftari lolote. Kadhalika, anayemdai maelezo ni yuleyule mwenye mkono wa kupiga. Paulina hakosi kuulizwa, anakosa kuaminiwa. Kuhojiwa si kusikilizwa.

Tukilinganisha na Utendi wa Mwana Kupona (1858), tofauti inajitokeza. Humo mama anamwusia bintiye. Njia ya mazungumzo baina ya wanawake ipo, ila kinachopitishwa humo ni utiifu kwa mume na sitara ya nyumba. Paulina, aliyeacha jamaa zake Nyanza, hana hata njia hiyo. Utendi una msikilizaji bila ruhusa ya kulalamika. Riwaya ina lalamiko bila msikilizaji. Ufichuzi wa ukatili wahitaji vyote viwili.

Suala hili halijafungwa pamoja na kurasa za riwaya. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kupata ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Sheria ya 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inaiwezesha mahakama kutoa amri ya ulinzi, lakini amri hutanguliwa na kauli. Eastleigh, mtaa unaopakana na Pumwani, una wakazi wengi wazungumzao Kisomali. Mja mzito asiyejua Kiswahili, anayetafsiriwa na wifi yake kliniki, ameulizwa mbele ya nyumba ya mumewe. Atajibu kwamba alianguka.

Kwa hiyo uhakiki wa kifeministi usiridhike kuhesabu wahusika wanaonyamaza na kukiita kimya hicho udhaifu wao. Umwulize mwandishi, na jamii yake, ni nani aliyewekwa karibu na mhusika ili asikie, na msikiaji huyo ana mamlaka gani juu yake. Kwa kipimo hiki, Coming to Birth ni riwaya kali zaidi kuliko istiara ya taifa ilivyoturuhusu kuiona.