Dereva wa Hamsini na Saba

Ukifika Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, utaiona njia ya vumbi inayoliacha joto la Usangu na kuukwea ukuta wa milima kuelekea Matamba. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Ukishazimaliza, bado unapanda mpaka uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako miezi ya kipupwe nyasi huamka na sakitu, na mvua zikinyesha maua hufunika nchi yote hata watu wakapaita Bustani ya Mungu. Tangu Kitulo ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 yameandikwa mengi kuhusu maua hayo, na yanastahili. Lakini sijasoma popote sifa za watu waliopandisha mbegu, chumvi, saruji, walimu na wagonjwa kwenye milima ile, kisha wakashusha viazi na pareto bila kumwaga gunia. Nawasema madereva wa zamani, wa Landrova na malori mafupi, waliojua njia ya mlimani kwa miguu yao kabla ya kuipitisha magurudumu.

Kwa miguu, kweli. Nilikuwa kijana, nimekaa nyuma juu ya magunia pamoja na abiria wengine, mvua imenyesha usiku kucha. Tulifika chini ya kona moja kali, dereva akasimamisha gari. Utingo alikwisha ruka kabla gari halijatulia, na jiwe likawa nyuma ya tairi. Mzee akashuka. Akavua kandambili, akakunja suruali mpaka magotini, akaanza kutembea pale ambapo gurudumu la kushoto lingepita, polepole, hatua kwa hatua, akiukanyaga utelezi kwa nyayo tupu kama mama apimaye homa ya mtoto kwa kiganja. Alipofika juu ya kona aligeuka, akarudi kwa mstari wa gurudumu la kulia. Mahali fulani alisimama, akabonyeza kwa kisigino, akabonyeza tena. Hakusema neno. Utingo alikwisha elewa, akaleta jembe.

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ukingo wa juu na kukatiza njia. Walichimba mfereji mdogo kandokando ya ukuta, maji yakapata pa kupita, nasi tukaambiwa tusubiri. Abiria mmoja aliyekuwa na haraka ya soko alilalamika. Mzee akamjibu kwa upole, "Maji yatoke kwanza, baba." Tukakaa. Akina mama wakatoa mahindi ya kuchemsha. Vijana tukatumwa kuokota mawe ya kujazia mashimo mawili aliyoyachagua yeye, si yale tuliyoyaona sisi. Tope lilipoanza kukaza, alipanda, akawasha, na Landrova ikaipita ile kona kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila tairi kuzunguka bure hata mara moja. Juu ya kona alisimama tena, akamtuma utingo arudi kuondoa lile jiwe la kuzuilia, asije akalikuta mwingine gizani. Mawe ya mashimoni yakabaki pale pale, kwa ajili ya atakayekuja nyuma yetu.

Nimewahi kupanda magari mengi tangu siku ile, mengine yana nguvu kupita ile Landrova mara tatu. Heshima ya namna ile kwa njia, na kwa mtu asiyejulikana anayekuja nyuma, siioni tena.

Labda mashine zenyewe zilisaidia kulea tabia hiyo. Landrova ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Ilikuwa gari la shamba, haina makuu. Wazee wanazikumbuka zile zilizofuata, zenye virungu viwili vidogo kando ya gia, chekundu na cha njano. Chekundu ndicho kilichoingiza gia nzito ya mlima, na kitabu cha gari kiliagiza iingizwe gari likiwa limesimama. Kwenye Land Cruiser nyingi za zamani ilimbidi mtu ashuke kabisa, ainame kwenye magurudumu ya mbele na kuzungusha loki kwa mkono. Kwa hiyo mlima ulipoanza, ulisimama, ulishuka, ulitazama. Siku hizi kitufe kinabonyezwa mtu akiwa amekaa, muziki unalia, na kona inakuja kabla macho hayajaikagua.

Mikono nayo ilikuwa na adabu yake. Usukani wa Landrova haukuwa na msaada wa mafuta, tairi likigonga jiwe unapigwa nyuma kwa nguvu ya kuvunja kidole. Kwa hiyo dereva wa mlimani alishika usukani vidole gumba vikiwa nje, vimelala juu ya duara, wala hakuung'ang'ania. Aliuacha ucheze kidogo, akaurudisha. Alisikiliza injini pia. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililokuwa jasiri Chimala linaanza kuhema Matamba, na anayelikanyaga kwa hasira anachemsha maji ya rejeta bure.

Kushuka ndiko kulikotenganisha dereva na mshika usukani. Kanuni ya wazee ilikuwa gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, ukaiachia injini kazi ya kulizuia gari, breki ukaziweka akiba. Breki zikipata moto mfululizo hulegea, na kwenye mteremko wa kona hamsini hakuna pa kuzipoza. Leo utasikia kijana mwenye Fuso la viazi, limejazwa lumbesa, akijisifu kwamba anashuka nyutro ili abane mafuta. Nashindwa kulisikia jambo hilo kwa utulivu. Kuna watu juu ya yale magunia. Wengine wanapanda mlima kwa bodaboda, wana watoto mgongoni, nao ndio waliotakiwa kupewa njia, maana desturi ya mlimani ni kwamba anayeshuka humngoja anayepanda.

Na mawe! Lori likiharibika, yanapangwa mawe na matawi barabarani. Likitengenezwa, linaondoka na kuyaacha. Utingo wa zamani angerudishwa kwa miguu kutoka kona tatu mbele aje kuyaondoa.

Utingo ndiye chuo chenyewe kilichokufa. Alianza kwa kubeba jiwe, akitembea kando ya gurudumu la nyuma kona baada ya kona, miaka, kabla ya kuruhusiwa hata kusogeza gari uwanjani. Alijifunza udongo mwekundu unateleza lini na mweusi unanasa lini, springi ikilia inasema nini, mnyororo unafungwaje vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alipokuja kukaa nyuma ya usukani, mlima alikwisha umaliza kwa miguu. Sasa leseni inapatikana kwenye uwanja tambarare, na anayeitwa utingo mara nyingi ni kibarua wa safari moja, wa kupakia na kupakua. Lami imefika Makete kwa upande wa Njombe, na ni neema kwa mama mjamzito na kwa mkulima. Sitaki irudi nyuma hata hatua moja. Lakini vijiji vya mabondeni bado vinafikiwa kwa njia zile zile za utelezi, na kila masika malori yanalala makorongoni kwenye kona ambazo wazee walizipita wakiwa wamevua viatu.

Yule mzee ameacha kuendesha, macho yamechoka. Wawili aliowafundisha kuanzia jiwe mpaka usukani wako kwenye malori ya Tunduma, lami mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza kama kuna kijana aliyekuja kumwomba amfundishe. Akasema wanakuja, wanamuuliza anauza vipuri gani.