Dramu Zilizopigwa Chini ya Ngazi

Santuri ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971 bila jina kwenye jalada, ndiyo iliyonifanya nisikilize roki kwa kufuata dramu badala ya gitaa. Somo lote limo katika wimbo wa mwisho, "When the Levee Breaks". Mpiga dramu wa bendi hiyo, John Bonham, anaanza peke yake, na kila pigo linatua kwa kishindo kisha linaacha mvumo mrefu. Kishindo hicho hakikuletwa na nguvu za mikono pekee. Siri ni umbali wa maikrofoni.

Studio nyingi hupenda kuiweka maikrofoni karibu kabisa na dramu. Sauti huwa safi, ila kavu. Bendi hii ilirekodia Headley Grange, jumba kuukuu la mwaka 1795 huko Hampshire, Uingereza. Fundi mitambo Andy Johns alizipanga dramu ukumbini, chini ya ngazi, akatundika maikrofoni mbili aina ya Beyerdynamic M160 huko juu ghorofani. Hadi sauti izifikie, ilikuwa imekwisha kugonga kuta na dari. Jumba zima likawa ala.

Kisha ikaja mitambo. Binson Echorec, mtambo wa mwangwi, ulirudisha kila pigo muda mfupi baadaye, ndiyo maana dramu ya mguu husikika kama inajijibu. Mtambo wa kubana sauti ukashusha iliyo kali na kuinua iliyo hafifu, hivyo mvumo wa ukumbi ukajaza nafasi kati ya pigo na pigo. Mwisho, mwendo wa utepe ulipunguzwa, na muziki ukazidi kuwa mzito.

Lakini mbinu hizo zote zingeharibika kama Bonham angepiga mapigo mengi; mivumo ingegongana na kuwa kelele. Yeye alishika mdundo mmoja, akaupa ukumbi muda wa kuitikia. Uzito huo unaustahili wimbo huu, ambao awali Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko ya Mississippi ya 1927.

Mwaka 1986 Beastie Boys walizichukua dramu hizo wakajengea wimbo wao wa rap, nazo zikasimama imara hata nje ya wimbo wa awali. Kwangu huo ni ushahidi tosha: ukubwa wa sauti ya roki hutokana na nafasi anayoiacha mpigaji, na fundi anayejua kuinasa.