Weupe wa Aina Tatu

Chemba si nchi ya ukungu. Kuanzia Mei hadi Novemba upepo hukausha kila kitu, na ngozi iliyosahauliwa nje hukakamaa na kupasuka badala ya kuoza. Ndiyo maana mtu wa huku akikuta mikanda ya punda wake imeota ukungu mwezi wa Februari hushtuka kana kwamba amerogwa. Mpemba asingeshtuka, viatu vyake humfanyia hivyo kabatini karibu mwaka mzima. Huku mvua ni ya miezi michache tu, na kwa sababu ni michache hakuna anayejiandaa nayo.

Nasema punda kwa kuwa farasi hakudumu huku. Aprili 1916, wakati Chemba bado ni sehemu ya Kondoa (wilaya yake imezaliwa 2012), kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer kiliingia Kondoa Irangi kuwakabili Wajerumani, masika yakiwa yamepamba moto. Walipoteza mamia ya farasi. Mbung'o, uchovu na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi viliwamaliza, na wapanda farasi wengi wakabaki na matandiko bila mnyama wa kumtandika. Punda huustahimili ugonjwa huo. Basi anayetaka kuona ngozi ya kutandikia ikitunzwa katika nyanda hizi asitafute zizi la farasi. Aende mnadani, kwa fundi viatu aliyekaa chini ya mti, kwani ndiye huyo huyo anayeshona hatamu, mikanda ya tumbo na ile ya kifuani inayovuta mkokoteni.

Nimekaa karibu na fundi wa namna hiyo, na kilichonivutia zaidi ni kwamba kwa muda mrefu hafanyi kitu. Kijana anafika na mkanda uliotapakaa weupe. “Shikamoo mzee, huu umeharibika?” “Marahaba,” anajibu, na hilo swali la pili analiacha likae. Anaugeuza mkanda ulalie mwanga, ananusa, anaukunja taratibu asikie kama nyuzi za ngozi zinalia.

Weupe kwenye ngozi una asili tatu, na kila mmoja una dawa yake. Upo wa chumvi: jasho la mnyama hukauka likaacha punje, na punje hizo huvuta maji ya hewani zikaikaribisha shida nyingine. Upo wa mafuta: shahamu iliyopakwa kupita kiasi huganda usiku wa baridi ikajitokeza juu kama unga. Halafu upo ukungu wenyewe. Fundi analowanisha kidole gumba na kukigusisha. Kama ni chumvi, inayeyuka. Anasogeza kaa la moto, si karibu sana. Kama ni mafuta, weupe unazama ngozini ukatoweka. Ukibaki pale pale, ukasambaa kidoleni na kuacha kivuli cha kijivu, na harufu ikawa ya udongo wa chini ya mtungi, basi jibu limepatikana. Wenye haraka huruka hatua hii wakasugua tu, na sabuni nyingi kwenye ngozi iliyotoa mafuta ni hasara tupu.

Kusafisha kwenyewe anakufanyia upande upepo unakoelekea, mbali na ngozi nyingine, kitambaa kikiwa kimefunga pua. Vumbi lile ni mbegu: ukilipulizia ndani ya nyumba umelipanda kwenye kila kiatu. Anafungua vyuma vyote vya kufungia, maana chini yake ndipo ukungu unapojificha, na katika matundu ya mshono. Kwanza brashi kavu. Kisha kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye sabuni kidogo ya mche. Mwisho, spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, baada ya kuijaribu upande usioonekana, kwani huweza kuchuja rangi. Jiki hapana. Inaua ukungu, ni kweli, lakini inakula na ngozi.

Kisha kivuli. Hapa ndipo subira ya fundi inapogombana na subira ya mteja, kwa sababu jua la Chemba liko bure na linaita. Ngozi iliyolowa maji ikianikwa juani husinyaa na kuwa ngumu kama ubao. Anaitundika penye upepo, mbali na ukuta, asubuhi hadi asubuhi, na zaidi kama kuna mawingu.

Kwenye mafuta ndiko ninakomheshimu zaidi. Wilaya hii inalima alizeti na ufuta, na mwenye punda huona ni busara kumimina kile alicho nacho. Mafuta ya alizeti huchacha, hunata, hushika vumbi, na ukungu unayala. Fundi hutumia ya mnyama, tone moja kwenye kitambaa, akipaka upande wa ndani zaidi ya ule wa nje. Uzi wa kushonea ameupitisha kwenye nta, hivyo kila tundu la msharasi linaziba lenyewe.

Kuhifadhi nako kuna elimu yake. Mfuko wa nailoni ni nyumba ya ukungu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 70 hivi, ngozi iliyofungiwa haina pa kupumulia, na ile iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, kama ya miwati ya Njombe, huwahi kuota kuliko ya kromu. Tembe la zamani lililijibu hili bila mtu kulitaja: kanda za ngozi zilining'inia juu ya mafiga, na moshi una viambato vinavyozuia ukungu. Nyumba ya bati yenye jiko la mkaa nje haina moshi huo. Sisemi turudi tembeni. Nasema mkanda utundikwe juu, usilazwe sakafuni nyuma ya mlango.

Kijana alirudi siku ya mnada uliofuata, punda wake akiwa amefungwa kwa kamba ya katani kwa muda. Doa la kijivu lilikuwa limebaki, hafifu. Aliuliza kama linaweza kupakwa rangi nyeusi lisionekane. Fundi aliukunja tena mkanda, akasikiliza, akasema rangi ipo, lakini wiki hii ngozi bado haijaikubali.