Nyuma ya Lebo

Mzee wangu hakuwahi kunywa mvinyo, lakini aliacha daftari lililojaa lebo za mvinyo. Alikuwa weita katika hoteli moja kubwa hapa Nairobi, na chupa ikimvutia aliibeba nyumbani ikiwa tupu. Aliiloweka kwenye karai la maji moto hadi gundi ilegee, akaibandua lebo polepole kwa wembe, kisha akaikausha katikati ya magazeti. Mathe alilalamikia karai lake. Sisi watoto tuliona ni mambo ya wazee tu.

Mwaka jana nililifungua daftari lile, simu mkononi, nijue nimerithi nini. Lebo moja ilinisimamisha: Château Mouton Rothschild, 1975. Juu ya jina kuna uso wa mwanamume mmoja, umerudiwarudiwa. Kumbe ni kazi ya Andy Warhol, na yule mwanamume ni Baron Philippe de Rothschild, mwenye shamba.

Huyu Baron ndiye aliyeanzisha mchezo wote. Mwaka 1924 alimpa Jean Carlu, mchoraji wa mabango, kazi ya kubuni lebo. Mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vilipoisha, Philippe Jullian alichora herufi V ya ushindi. Tangu hapo karibu kila mavuno hupata msanii wake: Dalí, Chagall, Francis Bacon. Malipo yao si pesa, ni mvinyo. Ndiyo maana kuna watu duniani wanaosaka lebo hizi mwaka kwa mwaka, kama sisi tulivyosaka stika za wachezaji tukiwa shule ya msingi.

Nimezipitia karibu zote kwenye simu, na niseme ukweli: nyingi ni za kumpendeza mwenyeji. Mouton kwa Kifaransa ni kondoo, basi kondoo dume wamejaa. Kuna zabibu, kuna glasi, kuna watu wanaocheza ngoma. Hata Warhol, bingwa wa kuchezea sura za mastaa, alipopewa nafasi alimrudishia tajiri uso wake. Unaweza kusema anamtania. Mimi naona mgeni anayesifu chakula kabla hajaonja.

Lebo iliyonigusa zaidi haina picha. Mwaka 1993 Balthus alichora msichana mdogo akiwa uchi. Marekani watu walilalamika, na shamba likatoa toleo la soko hilo likiwa na nafasi tupu pale mchoro ulipokuwa. Wakusanyaji, badala ya kuchagua upande, walinunua zote mbili. Hapo ndipo nilipoielewa hobi hii, na ndipo iliponichosha pia. Swali zito lilikuwa limeulizwa, yaani mwili wa mtoto unafanya nini kwenye chupa ya anasa? Jibu la mkusanyaji likawa: nipe pea kamili.

Mwaka 2016 zamu ilimfikia William Kentridge wa Afrika Kusini. Nilifurahi, siwezi kukataa. Halafu nikajiuliza, nafurahia mchoro au nafurahia kualikwa? Bado sijapata jibu linaloniridhisha.

Jibu la mzee nililipata kwa bahati. Lebo ya Warhol ilikuwa imeanza kuachana na ukurasa, nikaigeuza. Nyuma, kwa penseli, kuna mwandiko wake: "Meza ya 4. Walikuwa wanagombana. Wakabakisha nusu." Nikageuza nyingine. "Harusi. Bibi harusi hakunywa." Nyingine: "Mzungu peke yake. Alinisalimia kwa jina." Karibu kila lebo ina maneno yake.

Mkusanyaji makini angesema mzee aliziharibu. Lebo yenye thamani iwe safi, isiwe na doa wala maandishi. Mimi naona yeye ndiye mhakiki bora kuniliko. Mbele ya karatasi pana jina la shamba, mwaka na msanii. Aliyeifungua chupa ile, akamimina, akapangusa meza, hayupo popote. Mzee alijiandika mahali pekee palipobaki wazi.

Sasa nami nakusanya, japo lebo nyingi za siku hizi ni stika, maji hayazitoi. Inabidi ujaze chupa maji moto, usubiri, uvute taratibu ukiomba isichanike. Ya kwanza yangu ni Leleshwa, mvinyo wa Naivasha uliopewa jina la kichaka cha porini. Mbele ni nzuri, sina neno. Nyuma nimeandika: "Juu ya paa, Umoja. Watu wanne, glasi mbili. Stima ilipotea, hakuna aliyeenda nyumbani."