Kicheko cha Sara katika Biblia ya 1952

Wasomaji wetu wengi huisoma Biblia ya Muungano kwa sababu ya imani. Safari hii tunawaomba waisome pia kama kazi ya tafsiri, maana tangu ilipotoka mwaka 1952 imekuwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yanayosomwa sana katika nchi zetu. Tumechagua jambo moja dogo: kicheko katika Kitabu cha Mwanzo.

Hadithi inajulikana. Ibrahimu mwenye umri wa karibu miaka 100 anaambiwa atazaa mtoto na Sara mwenye miaka 90. Anaanguka kifudifudi na kucheka (sura ya 17). Katika sura ya 18 Sara naye anasikia akiwa mlangoni pa hema, anacheka moyoni, kisha anakana. Katika sura ya 21 mtoto amezaliwa na Sara anazungumzia kicheko waziwazi. Mtoto anaitwa Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni "anacheka".

Mahubiri mengi huishia sura ya 18, Sara akikemewa, kana kwamba mumewe hakucheka kabla yake, na kana kwamba jina la mtoto halikutoka kwa Mungu mwenyewe (17:19). Kwa hiyo suala hili si la wanaisimu peke yao. Muumini aliyefundishwa kwamba kucheka ni dalili ya imani haba ataingia kanisani amekunja uso. Wazo hilo lina umri mkubwa. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4, alisema kwamba Injili zinamwonyesha Yesu akilia lakini hazimwonyeshi akicheka. (Tumtendee haki: alichopinga ni kucheka kupita kiasi, jambo ambalo wanaomtaja husahau.)

Tuanze na sifa. Katika 21:6 Kiebrania kina utata: watakaosikia watacheka pamoja na Sara, au watamcheka Sara. Kiswahili hakivumilii utata huo. Kucheka na mtu ni urafiki. Kumcheka mtu ni ugomvi, na tofauti yote imebebwa na kiambishi kimoja cha mtendwa. Watafsiri walilazimika kuchagua, wakachagua "pamoja". Kwa maoni yetu walimsikia Sara vizuri.

Tatizo linaanza aya tatu mbele. Katika 21:9 mtoto wa Hajiri anafanya jambo linaloelezwa kwa mzizi uleule wa Kiebrania, lakini Kiswahili kinasema "dhihaka". Katika 26:8 Abimeleki anachungulia dirishani na kumwona Isaka na Rebeka. Mzizi ni uleule tena, na Kiswahili kinasema "kucheza". Kila uamuzi ukiutazama peke yake una utetezi. Kwa mfano, Paulo katika Waraka kwa Wagalatia anamweleza mtoto wa Hajiri kama mtesi, na bila shaka kivuli chake kimeangukia "dhihaka". Hata hivyo, tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema mtoto huyo alikuwa akicheza na Isaka, basi.

Matokeo ni kwamba msomaji wetu anaona vitu vitatu visivyohusiana: kicheko, dhihaka na mchezo. Hasara kubwa iko katika 26:8. Kwa Kiebrania, mtu aitwaye Anacheka anacheka na mkewe, na kwa kicheko hicho mfalme anagundua kwamba yule mwanamke si dada yake. Furaha ya nyumba ya Sara imerithiwa na mwanawe, nayo inamuumbua! Katika Kiswahili utani huo umezimika kabisa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na njia. Cheka na cheza vinatofautiana kwa konsonanti moja tu. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda, ambako okuseka na okuzannya havifanani hata kidogo, huvichanganya vitenzi hivi katika insha, nasi huwakata alama. Mtafsiri mwenye sikio angeufanyia kazi ukaribu huo. Kwa 21:9 tungependekeza "anachekacheka", neno linaloacha wazi kama mtoto alikuwa akifurahi au akikejeli. Wenzetu wanaofundisha tafsiri wanaweza kuwapa wanafunzi aya hizo tatu wazitafsiri upya kwa kutumia kitenzi kimoja na minyumbuliko yake tu, kisha walinganishe walichopata na Biblia ya 1952.